Somo: Kukodi katamarani kwa ajili ya familia na kwenda kutazama matumbawe ya Mnemba

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya msomaji anayepanga kukodi chombo kizima, badala ya kununua viti katika boti ya watalii wengi, na kuondoka nacho Kendwa au Nungwi, kaskazini mwa Unguja, kwenda kuogelea kwa miwani na mrija kwenye mwamba wa Mnemba, kisiwa kidogo kilicho kaskazini-mashariki mwa Unguja, na kurudi siku hiyo hiyo. Wengi wanaokodi katamarani, yaani chombo cha matumbo mawili, hulipia faragha, na faragha kweli ni jambo jema kwa familia. Kwa maoni yangu, hata hivyo, faida kubwa zaidi ni kwamba saa ya kuondoka inakuwa mikononi mwenu. Anayenunua kiti huondoka saa ya boti, maji yawe yamejaa au yamekupwa. Aliyekodi chombo anaweza kuyafuata maji. Asiyeitumia nafasi hiyo amelipia sitaha pana na kivuli tu.

Hatua ya kwanza: chagua siku kwa kutazama mwezi

Katika pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku inayofuata huchelewa kwa takriban dakika 50. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hapa Unguja huzidi mita 3, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kabisa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu, ambazo kwa kawaida huangukia kati ya tarehe 7 na 10 na tena kati ya tarehe 22 na 24 za mwezi mwandamo, mambo hugeuka: maji hujaa karibu na saa nne au saa tano asubuhi, tofauti ya kimo huwa ndogo, na mkondo hudhoofu.

Hesabu hiyo ndiyo inayoamua kama mtaona kitu au hamtaona. Boti nyingi za hoteli hufika Mnemba baina ya saa tatu na saa tano asubuhi kila siku ya Mungu, bila kujali mwezi. Zikifika siku ya bamvua hukuta maji yamekupwa, matumbawe yako karibu sana na uso wa bahari, mchanga umetibuliwa na miguu ya watu, na mgeni asiye na uzoefu huishia kusimama juu ya kiumbe hai ili apumzike. Zikifika siku ya maji mafu, mwamba uleule una kina cha kutosha, maji yametulia na jua limeshapanda kiasi cha kuangaza rangi za chini. Kwa hiyo, kama tarehe zenu za likizo zinaruhusu, chagueni siku ya maji mafu na mwombe mfike kwenye mwamba saa moja kabla ya maji kujaa kabisa. Kama hamna budi kwenda siku ya bamvua, msing'ang'anie asubuhi ya kawaida. Ondokeni saa sita au saa saba mchana, muogelee kuanzia saa tisa na nusu maji yakielekea kujaa, kisha mrudi jua likizama. Kufikia saa hizo boti nyingi za makundi zimekwisha kuondoka, na mara nyingi mwamba huwa kama wenu peke yenu.

Jedwali la maji la bandari ya Zanzibar hupatikana kwa urahisi katika intaneti, na linafaa kusomwa pamoja na maelezo ya nahodha. Mvuvi yeyote wa Nungwi atakutajia tarehe ya mwezi bila kutazama simu, na kwa jambo hili mimi humwamini kuliko programu nyingi.

Baada ya mwezi, tazama upepo. Kuanzia Desemba hadi mapema Machi huvuma kaskazi, joto huwa kali, na maji mara nyingi huwa safi. Kuanzia Juni hadi Agosti huvuma kusi, ambao huja kutoka kusini-mashariki na huweza kuwa mkali. Mnemba iko kusini-mashariki ya Nungwi, umbali wa kilomita zisizopungua 14 kwa mstari ulionyooka, maana yake ni kwamba wakati wa kusi mtakwenda uso kwa uso na upepo. Katamarani haipendi kupiga bisho, kwa hiyo nahodha atakunja matanga na kutumia injini, sitaha itapiga mawimbi kwa kishindo, na wenye matumbo mepesi watajuta kifungua kinywa chao. Wakati wa kurudi upepo huwa nyuma na safari hugeuka kuwa raha tupu. Miezi ya tangambili, yaani kati ya pepo hizo mbili, hasa Oktoba na Novemba, bahari huwa shwari zaidi, ingawa upepo unaweza kukosekana kabisa na tanga likabaki la mapambo. Kipindi cha masika, Machi hadi Mei, ndicho kisichofaa zaidi, kwa sababu ya mvua na kwa sababu maji huwa yamevurugika.

Siku mbili kabla ya safari, angalieni utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Wakitoa tahadhari ya upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2, ahirisheni bila mjadala. Wakazi wa Nungwi wanaufahamu mkondo wa mbele ya ras yao, na usiku wa Septemba 10, 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama katika bahari hiyo hiyo ikielekea Pemba. Chombo cha matembezi si meli ya abiria iliyojazwa kupita kiasi, lakini bahari ni ile ile.

Hatua ya pili: chagua chombo na uandikiane na mwenyewe

Katamarani ni chombo chenye matumbo mawili yaliyounganishwa kwa sitaha moja pana. Hakilali ubavu kama mashua ya tumbo moja, hakihitaji kina kirefu, na mbele huwa na wavu uliotandazwa baina ya matumbo hayo, ambao watu hupenda kulala juu yake wakitazama maji yakipita chini. Kwa familia yenye wazee na watoto utulivu huo una thamani kubwa. Kasi yake si ya ajabu: mkienda kwa mwendo wa kawaida, hesabuni saa moja na nusu au zaidi kutoka Nungwi hadi Mnemba. Anayewaahidi nusu saa anazungumzia boti ya kasi.

Nendeni mkakione chombo kwa macho kabla ya kulipa, au mtumeni jamaa aliyeko Unguja. Picha za mtandaoni hupigwa chombo kikiwa kipya. Mambo ya kutazama ni haya: ngazi ya kupandia kutoka majini iwe pana, ishuke ndani ya maji angalau vipandio viwili au vitatu, na isiwe na kutu, majaketi ya kuokolea maisha yawepo kwa idadi ya watu wote pamoja na saizi za watoto, na yawe mahali pa kufikiwa mara moja, si chini ya kreti za soda, iwepo redio ya baharini, sanduku la huduma ya kwanza, na kiboti kidogo cha kufuatana na waogeleaji. Injini ziwe mbili. Ukiona nahodha anakereka kwa kuulizwa maswali haya, tafuta mwingine.

Makubaliano yaandikwe, hata kama ni kwa ujumbe wa simu, na yataje saa ya kuondoka, muda wote wa safari, idadi ya watu, chakula, mafuta ya injini, vifaa vya kuogelea, ada ya hifadhi, na kitakachotokea iwapo hali ya hewa itaharibika. Ada ya hifadhi ndiyo inayozua ugomvi mara nyingi. Bei hutajwa kwa chombo kizima, watu wanafurahi, kisha majini wanaambiwa kwamba kila kichwa kina malipo yake mengine. Ulizeni mapema kama ada hiyo imo ndani ya bei, kama raia na mkazi wanalipa sawa na mgeni, na dai risiti. Eneo la Mnemba limo katika hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2002, kwa hiyo ada ni halali. Kisicho halali ni kulipishwa bila karatasi.

Kuhusu vibali, chombo kinapaswa kuwa na cheti cha Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar kinachotaja idadi ya abiria kinaoruhusiwa kubeba, na kampuni inayouza safari iwe na leseni ya Kamisheni ya Utalii. Omba kuviona. Idadi iliyoandikwa kwenye cheti ndiyo mwisho, hata kama shangazi ameamua kuja dakika ya mwisho.

Hatua ya tatu: vifaa na mavazi

Kifaa kinachoharibu safari nyingi ni miwani. Miwani ya kukodi huchaguliwa kwa haraka kutoka kwenye ndoo, kila mtu anachukua inayopendeza, na wakishaingia majini nusu ya watu wanahangaika na maji ya chumvi puani. Jaribio lake ni rahisi na lifanyike nchi kavu. Iweke miwani usoni bila kupitisha mkanda kichwani, vuta pumzi kidogo kwa pua, kisha ondoa mikono. Miwani inayokufaa itabaki imenata usoni; isiyokufaa itaanguka au utasikia hewa ikipenya pembeni. Hakikisha hakuna nywele wala ncha ya mtandio chini ya ukingo wa mpira. Mwenye masharubu hupenyezwa maji juu ya mdomo, na akipaka mafuta mazito kidogo mahali hapo hupata nafuu. Mkanda usikazwe sana, kwani ukikazwa ukingo hukunjamana na maji huingia zaidi, jambo ambalo watu hawaliamini mpaka wajaribu.

Ili kioo kisifanye ukungu, paka ndani tone la shampuu ya watoto, sugua kwa kidole, kisha suuza kidogo tu kwa maji ya bahari. Mabaharia hutema mate, na mate pia hufanya kazi. Mapezi ya miguuni yawe yanakaza bila kuumiza kisigino. Mapezi makubwa hutoka na kuzama, na wewe ndiye utakayelipia.

Kwa mavazi, napendekeza fulana ya kubana yenye mikono mirefu na suruali ya kubana inayofika kifundoni, kwa wanaume na wanawake. Anayeogelea kifudifudi huugeuzia jua mgongo na nyuma ya magoti kwa saa nzima huku maji yakimpoza, na huja kugundua usiku kwamba ameungua. Nguo hupunguza pia haja ya kujipaka mafuta ya kuzuia jua mwili mzima. Baadhi ya mafuta hayo yana kemikali za oksibenzoni na oktinoksati, ambazo jimbo la Hawaii lilipiga marufuku kuuzwa kwake kuanzia mwaka 2021 kwa kuhofia matumbawe. Tafuteni mafuta yenye zinki, na myapake mapema kabla ya kuingia majini.

Mwenye kichefuchefu cha bahari anywe dawa yake saa moja kabla ya kupanda chomboni. Akingoja mpaka moyo uanze kumchafuka, amechelewa.

Hatua ya nne: kupanda na kuzungumza na nahodha

Kendwa na Nungwi hazina gati la katamarani. Chombo hutia nanga nje kidogo, nanyi mtatembea majini hadi magotini au kiunoni kukifuata kiboti kidogo, kwa hiyo simu na fedha ziwe ndani ya mfuko usiopenya maji. Viatu huvuliwa kabla ya kukanyaga sitaha.

Kabla nanga haijang'olewa, mwombeni nahodha awaeleze yalipo majaketi, namna ya kumwokoa aliyeanguka majini, na nani atakayeingia majini pamoja nanyi. Mwambieni wazi nani hajui kuogelea, nani ana pumu na nani ana presha. Wengi huona haya kuyasema mbele ya wakwe, yasemeni. Mkumbusheni pia kwamba hamtaki pomboo wafukuzwe. Pomboo huonekana mara kwa mara kati ya Nungwi na Mnemba, na manahodha wamezoea kwamba wageni hutoa bakshishi nono wakirushwa katikati ya kundi. Chombo kikipunguza mwendo na kushika njia yake moja kwa moja, mara nyingi pomboo wenyewe huja kucheza mbele ya omo, na wavu wa katamarani ni mahali pazuri kuliko pote pa kuwatazama.

Hatua ya tano: ndani ya maji

Kisiwa chenyewe ni kidogo, lakini mwamba unaokizunguka ni mkubwa mara nyingi zaidi. Upande wa mashariki unatazama bahari kuu na haumfai mwogeleaji wa kawaida. Upande wa magharibi, unaoelekea Unguja, ndio uliokingwa, na ndiko vyombo vingi hukusanyika. Mahali paitwapo Kichwani, upande wa kusini, panapendwa na wanaozamia kwa mitungi ya hewa. Nahodha mzuri atafunga chombo kwenye boya lililokwishawekwa. Akiwa anataka kutupa nanga, hakikisheni inaangukia mchangani, kwa sababu mnyororo unaoburutwa na upepo huvunja kwa dakika chache tumbawe ambalo, kwa aina zile za mviringo, hukua kwa takriban sentimita moja tu kwa mwaka. Matumbawe ya bahari yetu yalikwisha kupata pigo la joto la mwaka 1998, yalipopauka na kufa kwa wingi.

Ingieni kwa ngazi, mmoja mmoja, mkitanguliwa na mwongozaji. Mkiwa bado mmeshika ngazi, wekeni uso majini na mpumue polepole kwa mdomo mpaka moyo utulie. Sehemu hii msiiharakishe. Mtu anayepumua kwa haraka na kwa kifupi huvuta tena hewa ile ile iliyobaki ndani ya mrija, huhisi kukosa pumzi, kisha huanza kupapatika. Pumzi ndefu na ya taratibu huondoa tatizo lote. Maji yakiingia mrijani, puliza kwa nguvu mara moja kama unayetamka "tuu", na yataruka juu.

Anzeni kuogelea kwa kuelekea mkondo unakotoka, ili mkichoka mkondo uwarudishe chomboni. Kanuni hii inatosha kuzuia matatizo mengi, na inashangaza jinsi inavyosahaulika pale mtu anapomwona samaki wa kwanza. Nendeni wawili wawili. Kila baada ya dakika chache inueni vichwa na mtazame chombo kilipo. Piga mapezi kutoka nyongani, si kutoka magotini, na miguu ibaki chini ya uso wa maji.

Mtakachokiona kinategemea utulivu wenu. Ukielea bila kupiga miguu kwa muda mfupi juu ya kichwa kimoja cha tumbawe, utasikia kwanza mkwaruzo, kisha utamwona pono akitafuna mwamba kwa meno yake ya mbele na baadaye kutoa wingu jeupe la mchanga nyuma yake. Sehemu ya mchanga mweupe wa fukwe hizi imetoka kwa samaki huyo. Kwenye vishimo, tazama mahali ambapo jiwe linaonekana kupumua, kwani huyo ni pweza. Kasa huweza kupita, na akipita mwache apande juu kuvuta hewa bila kumzingira.

Msishike kitu. Baadhi ya waongozaji huchukua kiti cha pweza, yule kiumbe wa umbo la nyota, kutoka chini na kumpitisha mkononi mwa kila mgeni kwa ajili ya picha, na wageni hudhani ni sehemu ya huduma. Mkatazeni kwa upole. Msiwape samaki mkate wala ndizi pia. Samaki waliozoea mkate huacha kazi yao ya kusafisha mwamba na huwauma watoto vidole. Zaidi ya hayo, chini kuna viumbe vyeusi vya miiba mirefu ambavyo vimemlaza kitandani zaidi ya mtu mmoja aliyedhani anaweza kusimama kidogo.

Dakika 40 hadi saa moja zinatosha kwa mzunguko wa kwanza. Midomo ikianza kutetemeka, toka, hata kama maji yana nyuzi 27, kwa kuwa maji huondoa joto la mwili upesi kuliko hewa. Kuleni kidogo, pumzikeni, kisha mrudi mara ya pili kama maji bado yanaruhusu. Chakula kizito cha mchana kiwe baada ya kuogelea.

Maswali ya wanachama

Swali (mwanachama wa Dodoma): Mwalimu, shikamoo. Mimi sijui kuogelea kabisa, lakini mume wangu ameshalipia. Je, nibaki chomboni?

Jibu: Marahaba. Si lazima ubaki. Siku mbili kabla ya safari, nenda Kendwa, ambako unaweza kuingia baharini hata maji yakiwa yamekupwa, usimame penye kina cha kifua, uvae miwani na mrija, na ujizoeze kuweka uso majini mpaka uweze kupumua bila hofu. Siku ya safari vaa jaketi la kuokolea na umshike mwongozaji aliye na boya la duara, asiyekuwa na mgeni mwingine wa kumwangalia. Jambo hili nalo liandikwe katika makubaliano. Ukifika ukaona moyo unakataa, usilazimishwe na mtu yeyote, hata huyo aliyelipa.

Swali (mwanachama wa Mombasa): Kwetu tuna Kisite. Kuna haja ya kuvuka mpaka?

Jibu: Kwa matumbawe peke yake, hapana. Kisite, iliyotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1973, ina mwamba mzuri sana, na safari ya kutoka Shimoni ina faida kwamba sehemu yake hupita karibu na Kisiwa cha Wasini, ambako mtapata chakula cha mchana kisichohitaji kusifiwa na mimi. Tofauti ni chombo: huko wengi hutumia majahazi na boti za injini, kwa hiyo mwenye nia ya katamarani aulize mapema. Ada hulipwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya. Hesabu ya mwezi niliyoieleza inafaa kule pia, kwa kuwa saa za kujaa na kupwa zinakaribiana sana katika pwani hii.

Swali (mwanachama wa Dar es Salaam): Tunaweza kushuka kisiwani Mnemba kula chakula?

Jibu: Hapana. Kisiwa kimekodishwa kwa hoteli na wasio wageni wake hawaruhusiwi kushuka. Maji yakikupwa hujitokeza fungu la mchanga katika eneo hilo, na vyombo vingine huwashusha watu hapo, lakini siku za maji mafu fungu hilo huenda lisionekane. Kuleni chomboni, au nahodha awapeleke ufukwe wa Unguja wakati wa kurudi.

Swali (mwanachama wa Muscat): Assalaam alaykum. Sisi ni familia yenye wasichana wakubwa, na tungependa sitara. Mabaharia wote ni wanaume?

Jibu: Waalaykumu salaam. Mara nyingi ndiyo, ingawa wapo waongozaji wa kike, nawe unaweza kumwomba mmoja mkiwa bado mnapatana bei. Katika chombo chenu wenyewe mnaweza kupanga kwamba wanawake waingie majini na mwongozaji huyo huku mabaharia wakikaa upande wa tezi, yaani nyuma ya chombo. Vazi la kuogelea la kusitiri liwe la kitambaa cha kubana kinachokauka haraka. Baibui la kawaida hunywa maji, huwa zito na hujizungusha miguuni, nami nisingemruhusu mtu aingie nalo hata kwa dakika moja. Kuhusu visiwa vya Daymaniyat vya kwenu, ambako najua wengi mnakwenda: msitumie saa nilizozitaja hapa. Maji ya Oman yana ratiba yake.

Swali (mwanachama wa Arusha): Nahodha aliahirisha asubuhi ile ile akisema upepo ni mkali, nasi tukiwa ufukweni tunaona bahari imetulia. Hakutudanganya?

Jibu: Huenda hakuwadanganya. Wakati wa kusi, ufukwe wa Kendwa umekingwa na kisiwa chenyewe, na bahari yake inaweza kutulia kama ya dimbwi huku upande wa pili wa ras mawimbi yakivunjika. Pandeni gari mwende Matemwe mkaitazame bahari ya huko, kisha mhukumu. Muhimu zaidi ni kwamba uamuzi wa kutokwenda ubaki wa nahodha, na makubaliano yaseme kwamba akiahirisha yeye kwa sababu ya hali ya hewa mnapata siku nyingine au mnarudishiwa fedha zote. Nahodha anayejua kwamba atapoteza malipo yote akighairi atashawishika kwenda hata siku isiyofaa.

Swali (mwanachama wa Kampala): Mama yangu ana miaka 68 na ana presha. Anataka sana kuingia majini.

Jibu: Kuogelea kwa mrija huonekana ni kuelea tu, lakini moyo hufanya kazi, hasa mtu akipambana na mkondo au akipanda ngazi amechoka. Apate kwanza ruhusa ya daktari wake, asiache dawa zake siku hiyo, na aingie wakati maji yamesimama, karibu kabisa na ngazi, kwa dakika kumi au kumi na tano. Apande yeye kwanza kabla ya wengine hawajajazana ngazini. Watoto nao wachungwe vivyo hivyo.

Swali (mwanachama wa Nairobi): Nimeona barakoa za kuogelea zinazofunika uso mzima. Ni bora kuliko miwani na mrija?

Jibu: Mimi sizipendekezi. Ndani yake kuna nafasi kubwa ya hewa, na zile zilizotengenezwa vibaya huacha hewa chafu ibaki karibu na mdomo. Tena mtu akiingiwa na maji hawezi kuutema mrija tu. Lazima avue kifaa kizima, na kwa mwenye hofu hilo ni gumu.

Swali (huyo huyo): Na ninavaa miwani ya macho. Nifanyeje?

Jibu: Maduka ya vifaa vya kuzamia huuza miwani ya baharini yenye vioo vya nguvu tofauti, nawe unaweza kuuliza kama chombo kinazo za kuazima, ukiwatajia namba yako siku kadhaa kabla. Lenzi laini za machoni zinafaa pia, mradi miwani ikiingiza maji ufumbe macho kwanza ndipo uyatoe maji hayo. Miwani yako ya kawaida ikae ndani ya kasha lake, nalo likae ndani ya mfuko, kwa sababu juu ya wavu ule wa mbele miwani haina pa kuangukia isipokuwa baharini.